Saa Inayokula Mwendo

Mzee Lesian hakuwa na gari. Hakuwa na meno ya kutafunia nyama ya mbavu, hakuwa na mke tangu Silantoi alipozikwa, na hakuwa na cheti cha shule yoyote ya mchana. Tena, tangu ateleze kwenye matope akavunjika nyonga, hakuwa na pa kwenda. Alichokuwa nacho ni kiti barazani, huko juu ya Ngaramtoni, na saa ya mkononi ya Uswisi ambayo wengi wenye vyote hivyo hawajapata hata kuigusa.

Aliachiwa na mtafiti wa ndege wa porini, ambaye Lesian alikuwa dereva wake kwa miaka mingi. Ilikuwa ya chuma kizito, uso mweusi, haitumii betri. Ndani yake mlikuwa na kipande kinachozunguka kila mvaaji anaposogeza mkono, na mzunguko huo ndio chakula chake. Kitufe cha pembeni kilikuwa cha kurekebishia mishale tu, si cha kuijaza. Mkono wa Lesian ulipokuwa wa kushika usukani na kukata majani ya ng'ombe, saa ilishiba. Sasa mkono ulilala juu ya mkongojo, na saa ikalala nao.

Mwanawe Frederick, anayeishi Njiro, hakuyaamini maelezo hayo.

"Baba, imekufa hiyo. Yupo tajiri mjini anakusanya saa za zamani. Amekuandikia barua ya heshima kabisa, anasubiri jibu. Ikizidi kuharibika hataitaka."

"Haijaharibika. Ina njaa."

"Basi ilishe!"

Lesian akautikisa mkono mpaka bega likauma. Wajukuu wakacheka, wakidhani babu anafukuza nzi. Asubuhi yake ikawa imesimama tena. Kwa hasira akatamka neno ambalo mzee akishalitamka halimezi: "Jumapili ukija ukaikuta imelala, ichukue ukaiuze."

Akabaki anajuta. Akiwa na ile saa mkononi, watu bado walimuuliza mambo. Bila hiyo alijiona atakuwa mzee wa kuletewa uji tu.

Siku ya pili akapita Lemburis, rika lake, mbuzi wakiwa mbele na fimbo ikicheza mkononi. Mtu huyo hakujua kutulia. Hata akiongea, mikono iliongea zaidi. Lesian aliitazama ile mikono, kwanza kwa wivu, kisha kwa hesabu.

"Lemburis, nataka nikuwekee ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Zizi lako siku hizi linalala kuku!"

Waarusha wanalijua jambo hili. Mtu asiye na malisho humkabidhi rafiki yake ng'ombe amchungie. Rafiki hunywa maziwa, ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na urafiki hunenepa. Lesian akavua saa, akaiweka gotini.

Lemburis akaikodolea macho. "Huyu ndiye ng'ombe? Maziwa yake yako wapi?"

"Utaulizwa saa sokoni, mbele za watu. Hayo ndiyo maziwa."

"Na ndama?"

"Hazai huyu."

"Na akinifia?"

"Utaniletea ngozi."

Wakacheka mpaka mbuzi mmoja akaingia kwenye mahindi. Lakini Lemburis alipokwisha kuondoka, Lesian aliutazama mkono wake mtupu, ngozi imepauka pale saa ilipokuwa inakaa, akaufunika kwa shuka.

Jumapili Frederick alifika baada ya ibada. Lemburis akachelewa makusudi, shati amelikunja hadi kiwiko, ananuka mbuzi.

"Shikamoo, baba," Frederick akamwamkia Lemburis.

"Marahaba. Niulize saa."

"Saa ngapi, baba?"

"Saa saba kasoro dakika tano!" Akamsogezea saa sikioni. Ilikuwa inakwenda, tena kwa nguvu. "Sokoni wameniuliza mpaka nimechoka. Hata wenye simu!"

Frederick akatabasamu bila kutaka. Halafu akaona mkwaruzo mrefu ubavuni mwa saa. "Imechubuka! Baba, si thamani imeshuka hiyo?"

"Seng'enge," Lemburis akasema, sauti imepungua. "Nilikuwa namnasua mwanambuzi. Rika, nisamehe."

Lesian akaipokea, akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Uliuma, wala hakuficha. Angeweza kuifuta vizuri na kuifungia sandukuni, ikakaa humo inang'aa, maiti. Lakini ilikuwa inatetemeka kidogo kiganjani mwake, kama kifaranga. Akamrudishia Lemburis.

"Vaa. Ukifika kwenye seng'enge, tumia mkono mwingine."

"Na yule tajiri?" Frederick akauliza.

"Si ameniandikia kwa heshima? Atajibiwa kwa heshima. Niletee kalamu."

Akaandika taratibu, herufi zimesimama wima: "Ndugu, nashukuru kwa barua yako. Saa ni nzima, ila haipo nyumbani. Iko malishoni, na haiuzwi." Akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi yake, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika.

"Pitia mjini, umkabidhi mwenyewe."

Frederick akaitia kwenye mfuko wa shati, akawasha gari, akateremka nayo mjini.