Saa Sita Aingia kwa Kalamu

Usiku wa jana niliota ni asubuhi, uwanja wetu wa besiboli pale Korogwe umefyekwa vizuri, nami nimekaa mezani na daftari la usajili wa wachezaji.

Daftari hilo nalitunza mwaka wa kumi na mbili. Jambo linalosemwa tu naliandika kwa penseli. Lililothibitika naliandika kwa kalamu, na sijawahi kukata neno la kalamu. Sikusomea kazi hii, kanuni nimezitunga mwenyewe. Jina la utani huthibitika likitamkwa na watu watatu wasio ndugu wala wenzake wa timu. Kuhama huthibitika mchezaji akirudisha jezi ya zamani ikiwa imefuliwa.

Mbele yangu anasimama Elinami, mrushaji aliyehama timu ya Mkonge kwenda timu ya Reli. Watu humwita Saa Sita, maana mpira wake hushuka wima kama jua la mchana. Kuhama na jina, yote mawili bado yako kwa penseli, na orodha inapelekwa leo. Asiyekuwa kwa kalamu hachezi msimu mzima.

Naye yuko kwa penseli kweli. Ni wa kijivu, na kupitia kifuani kwake naona goli la shule.

"Shikamoo mzee Mbelwa," anasema. "Fanya haraka kidogo. Upepo ukizidi nafutika."

"Marahaba. Haraka haimo kwenye kanuni."

Kifutio kinapuliza filimbi na kuanza kumfuta, kiatu cha kushoto kwanza.

Jezi ya Mkonge inaingia yenyewe, inachuruzika maji. Nainusa. Sabuni ipo.

"Umefuliwa," naiambia, "lakini hujakauka."

"Kanuni inasema nifuliwe. Imesema wapi nikauke?"

Natazama daftari. Haijasema. Kuhama kunapita.

"Mashahidi wa jina!" linaita daftari, kisha linakohoa vumbi.

Glavu inanyoosha kidole. Naikataa, ni mwenzake wa timu. Linakuja gongo la kupigia mpira, la wapinzani. "Nimeukosa mpira wake mara kumi na moja," linasema. "Sina sababu ya kumpamba. Huyu ni Saa Sita." Mmoja.

Sasa tuko stesheni ya treni, meza na vyote. Saa kubwa ya ukutani inatutazama.

"Hilo ni jina langu," inasema. Elinami anainamisha kichwa. Magoti yake yameshafutwa. "Ila mimi huwa saa sita mara mbili tu kwa siku. Yeye ni kila akirusha. Mpeni. Saa Sita." Wawili.

Hakuna wa tatu. Jukwaa ni tupu. Kifutio kimefika kiunoni.

"Mzee," anasema Elinami taratibu, "wewe ni ndugu yangu?"

"Hapana."

"Unachezea Reli?"

"Kwa goti hili bovu?"

"Basi?"

Miaka kumi na miwili sijamwita mchezaji yeyote kwa jina la utani, nisije nikaonekana nina upande. Napitia kanuni mara mbili. Hakuna inayonizuia. Nasimama, navua kofia.

"Saa Sita!"

Vivuli vyote stesheni vinaingia chini ya miguu ya wenyewe. Wino wa bluu unampanda Elinami kuanzia viatu hadi nywele, na kifutio kinaomba radhi. Kifua changu kimejaa kama mimi ndiye niliyerusha.

Nikaamshwa na kiwiko cha mke wangu.

"Baba Semeni, huyo Saa Sita ndiye nani? Umemwita mpaka majirani wameitikia."

"Mrushaji wa Reli," nikasema, na nilipenda jinsi ilivyosikika.

Nikafungua mlango. Juu ya ndoo iliyofunikwa palikuwa na jezi ya Mkonge, imekunjwa vizuri, inanukia sabuni. Ilikuwa bado inachuruzika maji.

Sikuulizia suala la kukauka. Nikaenda kuchukua kalamu.