Idrisa wa Hatua ya Tatu

Jumapili asubuhi, siku ambayo wiki ya shule huanza Doha, kabla mabasi ya watoto hayajaingia, Shamira alikuwa amepiga magoti katika maabara ya sayansi akikausha maji chini ya kiti cha mwisho, upande wa dirishani. Viti vingine alivipitia kwa ufagio tu. Hiki kilihitaji tambara na ndoo, kwa sababu aliyekikalia ni kaka yake Idrisa, na Idrisa hakuacha kutoka jasho tangu alipofariki.

"Nyanyua miguu," Shamira akasema.

Idrisa akanyanyua miguu. Viatu vyake vya ulinzi vilikuwa bado na vumbi la getini.

Shule ilikuwa Al Wukair, nje kidogo ya Doha, ghorofa tatu za vioo, na ilifuata mtaala wa Uingereza bila kuacha nukta. Idrisa alikuwa mlinzi wake. Zamani pale getini palikuwa na kibanda cha mabati chenye feni. Wiki ya kuwapokea wazazi wapya, mwishoni mwa Agosti, mkuu wa shule, Mwingereza aliyeitwa Mister Terry, aliamuru kibanda kiondolewe, maana kwenye picha kilificha jina la shule. Kikaondolewa asubuhi. Idrisa akasimama palepale kilipokuwa, juani, akiwafungulia wageni na kuwakaribisha, na baada ya adhuhuri akaanguka. Ikasemwa moyo wake ulisimama. Shamira alipoambiwa hivyo aliuliza ni maiti gani ambaye moyo wake unaendelea kutembea.

Masomo yalipoanza, Idrisa aliingia getini pamoja na watoto. Kadi yake ilikuwa bado haijafungwa, mashine ikawaka kijani. Kanuni ya shule ilisema aliyeketi darasani kabla ya majina kuitwa haondolewi, basi Mister Terry akaagiza apimwe. Idrisa alimaliza darasa la saba kule Muheza. Wakalinganisha hili na lile, wakaona ni wa Mwaka wa Tisa, akapewa kiti. Watoto walimzoea kabla ya mapumziko. Kiyoyozi cha shule ile kilikuwa kikali, na aliyekaa jirani na Idrisa hakuhitaji sweta, kwa hiyo viti vya jirani vikawa vya kugombewa. Mwalimu akimwekea kipimajoto begani, kilisoma nyuzi arobaini na saba, leo na kesho, hakipandi hakishuki. Kwa somo la joto ilikuwa nyenzo nzuri.

Tatizo ni kwamba Idrisa haongei. Si kwa sababu ya kufa. Wafu huongea sana, na bibi yao mzaa mama hakunyamaza hata baada ya arobaini yake. Idrisa alikuwa tu mlinzi aliyefunzwa vizuri. Kampuni iliwafundisha kwamba mlinzi haanzishi mazungumzo. Akiulizwa na mkubwa hujibu alichoulizwa, kisha hufunga mdomo. Shamira, mtu wa usafi, hakuwa mkubwa. Alishamuuliza kaka yake mara nyingi, na kila mara Idrisa alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni asiye na kadi.

Na Shamira hakutaka fidia wala pole. Alitaka Idrisa aulizwe swali moja na mwalimu, jinsi jua lilivyomuua, mbele ya watu ambao Mister Terry anawaogopa, naye ajibu. Basi. Ukoo wao haukuwa na mali lakini ulikuwa na kumbukumbu. Mama yao mpaka leo hupita mbali na kaburi la jirani aliyesogeza mpaka wa shamba lao kabla Shamira hajazaliwa, na kila akipita hutema mate.

Aliyemweleza mambo ya hatua ni Carolyne Nyaboke, Mkenya wa Nyamira, msaidizi wa maabara. Kwao alikuwa mwalimu wa kemia. Hapa cheti chake kilionekana cha kuoshea chupa, na chupa aliziosha.

"Skiza, Shamira," alisema siku moja, mikono ikiwa kwenye povu. "Elimu ya hawa watu imekatwakatwa. Hatua ya Kwanza, miaka mitano hadi saba: hii ni pua, hii ni mvua. Ya Pili, hadi kumi na moja: barafu inayeyuka, maji yanachemka. Ya Tatu ndiyo hii ya brathe yako: joto linasafiri aje kwa chuma, kwa maji, kwa hewa. Vile joto linafanya mwili wa mtu, hiyo sasa ni Hatua ya Nne. Mwaka wa Kumi huko."

"Basi mwakani atafika."

"Hatafika."

"Kwani atafeli?"

"Huku hakuna kufeli. Hakuna kurudia klasi kama kwetu. Mtoto akiongeza mwaka anasukumwa mbele na wenzake, hata kama kichwa ni debe. Ni umri unakubeba, si akili."

Shamira akasimamisha mopu. Kwao, aliyejua alipanda na asiyejua alirudia, na Idrisa hakuwahi kurudia hata mara moja.

"Na asiyeongeza mwaka je?"

Carolyne akaendelea kusugua chupa. "Si ndiyo hiyo sasa," akasema.

Shamira ndiye aliyekuwa akimpelekea Mister Terry chai ya saa nne. Wafanyakazi wote walimwita mudiri, kama wakubwa wote wanavyoitwa Doha. Siku iliyofuata aliweka kikombe mezani na hakuondoka.

"Mudiri, naomba kaka yangu apandishwe Hatua ya Nne."

Mister Terry hakuwa mtu wa kufoka. Akafungua kompyuta, akatazama, akaeleza kwa upole kwamba umri wa Idrisa haujasogea tangu aandikishwe, na shule haiwezi kumpendelea mtoto mmoja. "Lakini ni mwanafunzi mtulivu sana," akasema. "Mpe hongera zangu."

"Nitamfikishia," Shamira akasema.

Alitoka, akafika kwenye korido. Kisha akarudi kuchukua kikombe, maana kikombe kilikuwa kazi yake.

Muhula wa pili, somo la ubunifu na teknolojia liliwataka watoto wa Mwaka wa Tisa wamtafute mtu halisi mwenye shida halisi, wamchunguze, wamtengenezee kitu. Wakamchagua Idrisa, kwa kuwa alikuwa karibu. Wakampima urefu na upana wa mabega, wakaenda getini kupima jua, wakaafikiana kwamba alichohitaji ni kibanda. Wakakichora, wakakata mbao, wakafunga feni ndogo ya umeme wa jua, wakafinyanga mlinzi wa udongo wa ukubwa wa kidole gumba na kumketisha ndani. Kilikuwa kizuri, asikudanganye mtu. Mister Terry alikisifu mbele ya shule nzima, kikawekwa mapokezi ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa, penye kiyoyozi. Pale getini pakabaki vilevile.

Onyango, mlinzi aliyeletwa badala ya Idrisa, alikuja kukitazama zamu yake ilipoisha, shingo imeungua.

"Huyu wa udongo ameangukia kazi nzuri," akasema. "Shamira, mimi nikizimia huko nje waambie waniweke Hatua ya Kwanza. Nataka kuchora pua."

"Huna hata akili ya kuchora pua wewe."

"Ndiyo maana nasema ya Kwanza."

Mwezi wa Mei wakaja wakaguzi kutoka Uingereza. Walilala hoteli ya mtaa wa West Bay na kuletwa kila asubuhi kwa gari jeusi, na gari hilo likionekana barabarani Mister Terry alifunga kifungo cha shingoni. Hao ndio aliowaogopa. Wiki hiyohiyo mwalimu wa sayansi akashikwa na homa. Carolyne akaambiwa ashike darasa, asome kilichoandikwa kwenye skrini, asiongeze neno.

Shamira akamfuata stoo.

"Muulize."

"Wewe unataka nifungashiwe virago. Niko na watoto nyumbani, Shamira."

"Swali moja. La Mwaka wa Kumi."

"Hilo si la klasi hiyo."

"Na wewe si wa kuosha chupa."

Carolyne akachukua orodha ya majina. "Uko na roho mbaya," akasema.

"Nimeirithi," Shamira akajibu.

Somo lilipoanza, Shamira alikuwa akifuta kioo cha mlango wa maabara, na alikifuta kioo hichohicho mpaka mwisho. Wakaguzi wawili walikaa nyuma, Mister Terry katikati yao. Carolyne alisoma skrini kama alivyoamriwa: joto hutoka penye joto kwenda penye baridi, chuma hulipitisha haraka, mbao polepole. Akafika mwisho wa maandishi. Akazima skrini.

"Idrisa."

"Naam, mwalimu."

Watoto wakageuka. Hawakuwahi kuisikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya kawaida, yenye Tanga ndani yake.

"Mtu akisimama juani bila kivuli, mwili wake unapatwa na nini?"

Idrisa akasimama, mikono nyuma, akajibu kwa Kiingereza cha getini.

"Kwanza jasho linatoka, mwalimu. Unajifuta kwa kofia. Halafu jasho linakatika, ngozi inakuwa kavu, na hapo unasikia baridi. Unaona mageti mawili. Unalifungua lile ambalo halipo. Mama mmoja mwenye gari jeupe alisema mlinzi huyu amelewa. Halafu unalala chini. Moyo unasimama mwisho, baada ya hayo yote. Kibanda kilikuwepo. Mister Terry, huyo aliyekaa hapo, alisema kiondolewe kwa ajili ya picha. Nilimwomba mwavuli. Alisema baada ya wageni."

Akaketi. Maji yakaendelea kudondoka chini ya kiti.

Watoto wakaandika. Mmoja akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani. Wakaguzi nao wakaandika. Mwishoni mkaguzi mkubwa akampa Mister Terry mkono, akasema mwanafunzi yule anajieleza kwa kujiamini na anatumia vizuri mambo aliyoyapitia. Ila alichojibu ni cha Hatua ya Nne, na jibu lililotangulia hatua yake haliwezi kupimwa. Mister Terry akakubaliana naye kabisa. Akaahidi kwamba jambo hilo litashughulikiwa mara tu mwanafunzi atakapofika Mwaka wa Kumi. Shule ikapewa daraja la juu kuliko yote.

Carolyne akahamishiwa chekechea, kufunga kamba za viatu na kupangusa makamasi. Hakumlaumu mtu. "Angalau siku moja nilifunza," alisema, kisha akaitwa, kuna mtoto amekojoa.

Shamira alikuwa amesubiri uso wa Mister Terry ubadilike rangi. Aliutazama siku nzima. Kesho yake, saa nne, uso ukamwomba chai.

Mpaka siku hiyo jasho la Idrisa alikuwa akilimwaga kwenye maua ya getini. Maua yalikufa, yakapandwa mengine, nayo yakafa. Kuanzia hapo hakulimwaga tena. Alilichuja kwa kitambaa safi, maana Shamira si mchafu, akalitia kwenye birika la ofisini, akalichemsha, akaweka majani ya chai na maziwa kidogo kama mudiri anavyopenda. Mister Terry akaonja. Akatazama ndani ya kikombe.

"Chai ya leo ina nguvu," akasema.

Akaimaliza. Kiu ikamshika, akaomba nyingine.

Septemba watoto wa Mwaka wa Tisa wakaongeza mwaka, wakapanda ghorofa ya juu. Walimuaga Idrisa mmoja mmoja, kwa adabu. Wakaja wengine, na kabla ya mapumziko wakagombea viti vya jirani. Kibanda hakikurudi. Sanduku la mapokezi likaongezewa taa ya pili. Huko nje Onyango alihama pamoja na kivuli cha mlingoti wa bendera, chembamba kama fimbo, na adhuhuri kivuli kilipojikunja chini ya mlingoti alisimama bila kitu.

Mister Terry siku hizi hunywa kikombe juu ya kikombe. Midomo yake imepasuka. Kwenye mikutano huenda na chupa ya chai, na daktari wake wa West Bay amemshauri anywe sana, kwa hiyo hunywa. Amejaribu maji ya dukani, akasema hayana ladha.

Jumapili asubuhi Shamira akapiga magoti kwenye maabara.

"Nyanyua miguu, kaka."

Idrisa akanyanyua. Ndoo ilikuwa imeshafika nusu, na mabasi yalikuwa hayajaingia.

"Mudiri ana kiu," Shamira akamwambia.

Idrisa hakuwa ameulizwa, kwa hiyo hakusema kitu. Akaendelea kutoka jasho.