Nailoni ya Shimo la Marudio

Mimi nauza pembejeo mjini Kahama, na shemeji yangu Masalu ni mtu wa kushauriwa akacheka. Alipotaka kujenga kitalu nyumba cha nyanya kule Bugarama, nilimweleza taratibu. Kioo kitapasuliwa na mvua ya mawe. Neti inapitisha maji, nyanya zitakufa kwa ukungu. Nailoni ya kawaida haimalizi msimu kwa jua letu. Achukue nailoni ya kitalu, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Rahisi ghali, nilimwambia.

Akaenda kwa rafiki yake Bujiku, anayesafisha dhahabu, akapewa nailoni nzito iliyokuwa imetandikwa kwenye shimo la marudio. Humo mchanga uliokwisha kusagwa hulowekwa kwa dawa ili utoe dhahabu iliyobaki. Ng'ombe akinywa maji ya shimo hilo harudi zizini, na Masalu anajua hivyo kama sisi sote.

“Nimeianika, shemeji,” alisema. “Dawa ile jua linaiua.”

Ndivyo wanavyoamini wachimbaji. Lakini aliianika ikiwa imekunjwa, na paa lilipokwisha kufungwa niliona ukoko mweupe kwenye mikunjo. Alisema ni chumvi tu. Nilikasirika, nikapanda bodaboda bila kuaga.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha usiku kucha. Sikulala vizuri, na kulipokucha nikaenda kwao.

Kisima chao kilikuwa kimekauka, kwa hiyo Masalu alikuwa amekinga maji ya paa la kitalu kwenye pipa. Kuku wote walikuwa wamelala kulizunguka. Yeye alisimama katikati yao, jogoo akining'inia mkononi.

“Kideri,” alisema.

Nilimwambia kideri hakiui kuku wote asubuhi moja, tena midomo ikiwa bado imelowa. Alitaka kunijibu. Akalitazama pipa. Niliogopa, sifichi.

Ritha, mdogo wangu, akatoka ndani akitabasamu, akaniamkia shikamoo. Sikuitikia. Nikamuuliza Esta yuko wapi, mtoto wao wa pekee.

“Amelala, dada. Aliamka na kiu, nikamchotea kikombe cha maji ya mvua, akamaliza chote akarudi kulala. Leo hajanisumbua hata kidogo.”

Masalu alimwachia jogoo. Tulikimbilia mlangoni pamoja, yeye akimwita mtoto kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na ndani hakuna aliyeitika.