Miwani Iliyojaribiwa na Wifi

Jacob, mwalimu wa kuzamia kule Matema, alinitumia ujumbe wa sauti nikiwa naanua nguo za mtoto. Niliusikiliza mara tatu, nikauandika neno kwa neno kwenye daftari langu la masomo ya jioni.

"Atupele, nafasi ya mwanamke ni moja, na kuogelea nimeshaona unajua. Mtungi wa hewa tutakuazima. Jaketi tutakuazima, na kifaa cha kupumulia. Mapezi ya miguuni na miwani njoo na vyako. Mapezi yakikubana kidogo utavumilia. Miwani usibahatishe. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeganda, nunua. Ikidondoka, hata ukipewa bure kataa. Uso hauazimwi, dada."

Kazi yenyewe ilikuwa kuwateremsha wageni ziwani waone samaki, kwa mshahara wa kila mwezi. Mimi nilikuwa mchuma chai wa kibarua, vidole vyeusi hata Jumapili, na mwanangu Nsajigwa alianza kutembea kwenye chumba cha kupanga pale Ibighi ambacho hatua nne tu zilikimaliza. Nilimwambia, "Mama atakuwa anapumua chini ya maji, baba. Utawaringia wenzako."

Nikaenda sokoni Tukuyu. Kwenye mitumba, Ezron muuza mabegi akanitolea kitu kama kofia ya askari, kioo kinafunika uso wote hadi kidevuni.

"Hii sasa ndiyo yenyewe! Ukiivaa hata mumeo hakujui."

"Pua nitaibana wapi?"

"Pua ya nini tena? Umeenda kuzama au kupiga chafya?"

Watu wakacheka. Mimi nikafungua daftari. Jacob alikuwa ameongeza kwenye ujumbe wa pili: usipoweza kubana pua, kina kitakuumiza masikio. Nikamrudishia Ezron kofia yake. Akasema wasomi wa jioni tunasumbua kuliko wa mchana.

Mume wangu Boniface ndiye aliyekumbuka. "Kwa baba upo mfuko. Wale wageni waliokuja kuzamia ziwa Kisiba wakitafuta sarafu za Wajerumani waliuacha. Miwani zimo mbili, na mapezi."

Nyumba ya baba mkwe iko Masukulu. Jina lake silitaji, wala tangu niolewe sijawahi kuonana naye uso kwa uso. Kwetu mkamwana na baba mkwe wanakwepana. Akipita njiani, naingia migombani. Sauti yangu asiisikie. Vijana wengi wa mjini wameshaacha, lakini mzee hajaacha, na mimi nilimheshimu.

Boniface akaenda kuulizia bei, akarudi anakwepa macho yangu.

"Anataka mtamba."

"Mtamba wangu?"

"Anasema vitu vya wazungu havitoki kwa maneno. Mtamba kwa mapezi na miwani moja, uchague."

Yule mtamba nilipewa na mama nilipojifungua, ili Nsajigwa akikua anywe maziwa ya nyumbani. Nilikaa na jambo hilo moyoni siku mbili. Siku ya tatu nikasema sawa. Mshahara wa miezi michache ungenirudishia ng'ombe mwingine, nilijiambia hivyo.

Jumapili baada ya ibada tukafika Masukulu. Mimi nikapitia nyuma, nikaketi jikoni na mama mkwe. Mzee alikuwa sebuleni na mfuko wake miguuni. Ukuta wa matofali ulikuwa katikati yetu, na kila neno lake nililisikia.

"Miwani isitoke humu kabla hatujakubaliana," alisema. "Kitu changu hakitembezwi uani kama dagaa."

"Baba, lazima aijaribu," Boniface akasema.

"Aingie humu? Nimkimbie nyumbani kwangu? Beatrice yupo. Nyuso za wasichana si zilezile?"

Beatrice ni wifi yangu, mdogo wake Boniface. Nikamsikia anacheka, anavuta hewa puani kwa nguvu.

"Hii ya bluu imedondoka. Hii nyeusi! Tazameni, imenishika kama kupe! Wifi huko jikoni, nimekuwa chura!"

Beatrice ana uso mpana na mashavu yaliyojaa. Wangu ni mwembamba, shuleni waliniita Kipini. Daftari lilikuwa mkobani, na maneno nilikuwa nayajua kwa kichwa. Nikamnong'oneza mama mkwe, "Mama, mwombe atoke nje kidogo tu. Niweke usoni mara moja."

Mama akanishika mkono. "Mwanangu, nimtoe mume wangu kwenye kiti chake kwa ajili ya plastiki? Usinitie aibu."

Boniface akaja mlangoni. "Beatrice anasema nyeusi ndiyo inashika. Tuchukue?"

Wote wawili walinitazama. Upande wa pili wa ukuta mzee akakohoa. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ndaga, asante," akasema mama, akaachia mkono wangu.

Usiku ule ule pale Ibighi niliiweka miwani usoni, nikavuta hewa, nikaachia. Iliangukia kwenye beseni. Nikajaribu tena na tena mpaka Nsajigwa akawa anapiga makofi, anadhani ni mchezo. Asubuhi Boniface akampigia baba yake kuomba tubadilishe. Simu ilikatwa upesi.

"Amesema mkamwana anayerudisha kitu cha mkwewe amemtukana. Mtamba tayari yupo zizini. Labda ukikaza mkanda..."

Nikakaza. Hata mimi nilitaka kuamini mkanda.

Jumatano tukaenda Matema, mimi na Beatrice wa kunishikia mtoto. Jacob akanivika jaketi na mtungi, tukaingia maji ya kifuani. "Piga magoti, pumua polepole, utazame vidole vyangu." Nikapiga magoti. Kupumua nilipumua, nilipumua vizuri, Mungu shahidi. Lakini maji yaliingilia kwenye paji la uso, yakajaa mpaka puani, vidole vya Jacob nikavipoteza. Nikainuka. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nilitoka natapika maji.

Jacob akaukagua mkanda, ulikuwa umenichora mstari kichwani. "Hii miwani mliijaribuje?"

"Nilijaribu mimi," Beatrice akasema kwa kicheko, mtoto kiunoni. "Kwangu inaganda!"

"Hebu."

Nikampokea mwanangu, Jacob akamvika mtungi na miwani. Beatrice amekulia kando ya ziwa Kisiba, na fimbo zote za mama yake hazikumzuia kuogelea humo. Alipiga magoti chini ya maji, akakaa. Nilihesabu mapovu yake yakipanda, ya kutulia kabisa.

Jacob alimuuliza amesoma mpaka wapi. Kisha akanigeukia, na sikuona dharau machoni pake. Afadhali ningeiona. "Wageni wanafika wiki ijayo, Atupele. Siwezi kungoja miwani nyingine."

"Wifi," Beatrice alisema, maji yanamchuruzika, "nikatae?"

Nilitaka akatae bila kuniuliza.

"Chukua," nikasema.

"Na miwani?"

"Na miwani."

Nilirudi peke yangu, Nsajigwa mgongoni. Sikupitiliza mpaka mjini. Nilishuka Masukulu, nikapita mbele ya nyumba, si nyuma, nikasimama barazani. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mtu akakohoa.

"Baba," nikasema kwa sauti. "Ni mimi, mama Nsajigwa. Naomba nione ile miwani ya bluu."

Kiti kikaburutwa, mlango wa nyuma ukabamizwa, nikasikia majani makavu ya migomba yakivunjika chini ya miguu inayokwenda haraka.

Niliingia. Mfuko ulikuwa pale pale. Nikaweka ile ya bluu usoni bila mkanda, nikavuta hewa kwa pua, nikaachia mikono. Nikainama mpaka nikaona vidole vyangu vya miguu. Haikudondoka. Nikatikisa kichwa. Haikudondoka.

Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kichwani. "Atupele! Umemfukuza baba yako nyumbani kwake!"

Nilitaka kumjibu, lakini pua ilikuwa imefungwa. Ikabidi niivute ile miwani kwa mikono miwili ndipo ikaniachia. Nikaifuta maji kwa kanga, maana ndani ilikuwa imelowa, nikairudisha mfukoni.

"Inanitosha, mama," nikasema. "Mwambie baba akirudi. Inanitosha."