Msiba wa Kuchezea

Mzee Ndalahwa alipofika ufukweni mwa ziwa, Pasiansi, alasiri ile, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa jeneza, na ndani ya jeneza mlijaa barafu. Vijana walikuwa wakichomoa humo soda na bia, wakizifuta chupa kwa viganja na kucheka. Alitaka kutema mate. Akayameza, maana alikuwa amevaa koti la marehemu.

Koti lilikuwa la Shimba, rafiki yake wa miaka arobaini, Msukuma wa Magu, aliyezikwa miezi miwili nyuma. Ndalahwa ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Msukuma ni mtani, mwenye ruhusa ya kumfanyia mzaha hata msibani. Kwa hiyo siku ya mazishi ni yeye aliyevaa koti lile, akachechemea kama Shimba, akawaambia wachimbaji, "Chimbeni refu, huyu akisikia harufu ya michembe ya viazi atafufuka." Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Mjane peke yake, Evelina, hakucheka. Na kwa desturi ya nyumba ile, mjane asipocheka matanga hayaanuliwi: havui nguo nyeusi, halimi, haendi sokoni. Mtani aliyeshindwa kumchekesha mfiwa ameacha kazi nusu, na jambo hilo lilikuwa limemkaa Ndalahwa tumboni kama ugali mbichi.

Ndiyo maana Nestory, mtoto wa marehemu, alipomjia na kusema, "Shikamoo, baba. Jumamosi tunakusanyika kumkumbuka mzee, njoo na koti," alimwitikia marahaba kwa moyo mweupe. Alijua kijana kasomea sanaa Dar, na kwamba siku hizi kazi yake ni kubuni mikusanyiko ya kuchezesha watu wazima. Mwaka jana aliwakusanya huko Nyegezi wakapigana kwa mito ya kulalia, na watu wakamsifu. Sawa, mito haina ndugu. Hakuuliza zaidi, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Wageni walikuwa kama mia, wamevaa nguo nyeusi mpya, wamechorwa machozi ya unga mashavuni. Mchangani palichimbwa kaburi, na maji ya ziwa yalikuwa yamepenya humo kufikia kifundo cha mguu. Wageni walishuka kwa zamu, wakafumba macho, wakapigwa picha. Kisha yakaja mashindano ya kulia. Msichana mmoja mwenye miwani alisimama, akashika kichwa, akalia, "Shimba, umeniachia nani wa kunifungia zizi?"

Kilikuwa kilio cha Evelina, neno kwa neno, hata ile pumzi iliyokatika katikati. Nestory alikirekodi siku ya mazishi. Waamuzi wakainua vibao: tisa, tisa, kumi.

Evelina mwenyewe alikuwa ameketishwa kiti cha mbele, upindo wa khanga mdomoni. Alimtazama yule msichana jinsi mtu anavyomtazama mbwa aliyekimbia na kiatu chake.

Ndalahwa akamvuta Nestory pembeni. "Huu uchafu ni wa nini?"

"Si uchafu, baba. Nyie watani si mnafanya hivi hivi? Mnaigiza maiti, mnalala kaburini. Mimi nimewafungulia mlango na wengine."

"Sisi tunacheza mbele ya maiti. Maiti wa hapa yuko wapi?"

"Hii ni sanaa, baba."

"Hata choo kina fundi wake."

Alisema hivyo, lakini maneno ya kijana yalikuwa na chembe ya ukweli, na ukweli ule ulimtia kinyaa zaidi ya ile barafu.

Desturi inasema mtani akilala kaburini, mazishi husimama mpaka apewe anachotaka, na mfiwa haruhusiwi kumkasirikia. Nestory hakulikumbuka hilo alipomwalika. Ndalahwa akavua viatu, akashuka, akalala chali. Maji yenye harufu ya bia yakamwingia mgongoni.

"Sitoki," akasema, "mpaka barafu imwagwe, jeneza livunjwe, na kila mtu aende kwao."

Wakampigia makofi. Simu zikamwinamia kama korongo juu ya matumbo ya samaki. Nestory akasema kwenye kipaza sauti, "Mnaona? Huyu ndiye mtani halisi. Mpeni nafasi." Ndalahwa akaelewa kwamba hata hasira yake imeshaingizwa kwenye ratiba.

Halafu Evelina akasimama ukingoni.

"Shemeji, mbona umelowa kama gogo? Marehemu alikuwa akisema nyie Wanyamwezi wapagazi hata kaburi la mwenzenu mtalibeba, mradi uwe mzigo."

"Mwambie aje alichukue, ni lake."

"Atakujaje, na koti lake umevaa wewe?"

"Basi nivute. Mikono ya Msukuma si ya kukokotea plau?"

Evelina akainama, akamshika, akavuta. Mchanga ukateleza, naye akaporomoka, akaketi kwenye matope ubavuni mwa mtani wake. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, kikubwa, cha kukohoa, mpaka akajishika mbavu. Ndalahwa alikuwa hajayaona meno yake kwa miezi miwili.

Nestory alikuja mbio. Hakunyoosha mkono, alinyoosha kipaza sauti.

"Mama, cheka tena. Sauti haikuingia."

Kicheko kikakatika. Evelina alikitazama kile kipaza sauti, kisha akamtazama mwanawe. Akajinyanyua mwenyewe.

"Nimeshacheka," akasema. "Matanga ya baba yako yameanuliwa. Haya yaliyobaki hapa ni yako."

Akaelekea barabarani bila kujipangusa, Ndalahwa nyuma yake, viatu mkononi. Nestory alibaki pale pale. Kipaza sauti hakukizima, na kwa muda watu mia wakamsikia anavyopumua, pumzi fupi fupi za mtu anayetaka kulia na hajui aanzie wapi.

Ndalahwa alitaka kugeuka. Kabla hajageuka, mgeni mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata.