Ukuta wa Krimu

Mama wa bibi harusi alitoka kuoga akakuta rojo la nanasi la katikati ya keki limetiririka hadi mezani. Keki ya bintiye, aliyoapa kuitengeneza mwenyewe, ilikuwa imelalia upande kama mlevi.

"Nani kaigusa?"

"Mimi, wifi," alijibu dada wa mumewe, akilamba kidole. "Uliacha krimu imetuna pembeni, nikaisawazisha, nikaweka kipande cha juu."

"Ule ulikuwa ukuta! Ndio unaozuia rojo lisimwagike! Nani kakutuma?"

"Msaada nao una kosa? Si italiwa tu?"

Wageni walikuwa njiani, na wifi huyuhuyu ndiye aliyeng'ang'ania tangu mwanzo kwamba keki inunuliwe dukani, wasije wakaaibika. Mama alibandua kipande cha juu, akakwangua uchafu wote, akapiga krimu nyingine nzito na kuzungusha ukuta upya, meno yakiwa yamebanana. Safari hii rojo lilitulia ndani.

Wifi akasogea. "Haya basi, nikushikie nini?"

"Mlango," alisema bila kugeuka. "Ushikie kwa nje."