Namba Iliyo Chini ya Kilengeo

Jumamosi ya tarehe kumi na nne, mwezi wa sita, saa mbili na nusu asubuhi, Katibu wa klabu yetu ya kulenga shabaha aliweka meza langoni mwa uwanja, akatandika kitambaa cha kijani kama anayengoja mgeni rasmi, akapanga bisibisi zake juu. Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika. Watu husema ajali haina kinga. Hii haikuwa ajali. Hii ilikuwa na meza na kitambaa.

Katibu huyu tunamwita Bwana Utaratibu, maana hata chafya hawezi kuipiga bila kutaja kifungu. Siku hiyo kifungu kilikuwa kipya: kila bastola yenye kilengeo cha kioo, kile kidude cha kulengea kinachofungwa juu yake, namba ya hicho kilengeo isomwe na iandikwe. Na namba yenyewe, waliovitengeneza wameichonga chini, tumboni, mahali usipopaona mpaka uling'oe dude lote kutoka kwenye bastola.

"Katibu," nikamwambia, "ukikifungua hicho, umenimaliza."

"Mzee wangu, sikufungui wewe. Nafungua skrubu mbili tu."

Skrubu mbili tu. Ngoja niseme zilikuwa zimeshika nini.

Bastola ile ilikuwa ya mke wangu. Alikuwa keshia wa kantini ya klabu. Wakubwa walipotaka timu ya wanawake, ili wapate watu wa kupiga nao picha, wakaokota wafanyakazi wa kantini. Walitafuta picha, wakapata bingwa. Mke wangu alilenga kama alivyorudisha chenji: hana haraka, na hadanganyiki. Mimi ni mpaka rangi wa majumba. Nilianza kwa kumsindikiza, nikaishia kupiga nami, kwa wivu tu, nisiachwe nyumbani na vyombo. Alikuja kufia kwenye benchi la mapokezi ya hospitali, presha imepanda, daktari yuko semina. Semina ya nini? Ya kuhudumia wagonjwa wa dharura. Ukicheka sikulaumu.

Kibali cha bastola kikaja kwangu kwa sharti moja: kila mwaka nifaulu jaribio la klabu. Ukishindwa, uanachama umekwisha, kibali kimekufa, bastola inaingia ghalani kwao, na mwisho wa mwaka zile zisizo na mwenyewe hukatwa kwa msumeno. Mtu atasema, chuma ni chuma. Sawa. Lakini mpini wa ile bastola umelika upande mmoja, pale kilipokaa kidole gumba cha mke wangu miaka yote ile. Nikiushika, kidole changu kinaingia mlemle. Picha zake ninazo, nguo zake ninazo. Hizo nazishika mimi. Ile bastola ilikuwa inanishika na yenyewe.

Sasa, macho. Bastola ya kawaida unailenga kwa jino la mbele na pengo la nyuma, vichuma viwili vilivyo juu yake. Unaliweka jino katikati ya pengo, halafu vyote viwili unavipeleka kwenye shabaha. Mambo matatu, jicho moja. Ukifika umri wangu, jino linageuka pamba. Mwaka jana nilipita kwa tundu moja lililogusa mstari, tena msimamizi alilitazama kwa huruma, na huruma haina mkataba.

Ndipo rafiki yangu Kobe, dereva mstaafu wa lori aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake hata kwenye mteremko, aliponiambia, "Wewe tafuta kile cha nukta nyekundu. Vinginevyo mwakani utalenga kwa kunusa."

Tukaenda dukani watatu, mimi, Kobe na binti yangu. Muuzaji alikuwa mama mmoja, miwani imening'inia kifuani, akatupangia vitu kwenye kaunta kama anauza hereni. Vilengeo vyenyewe vidogo, ukubwa wa kiberiti. Ndani kuna kataa kadogo kanakorusha nukta nyekundu kwenye kioo. Ukichungulia, unaiona nukta imekaa juu ya shabaha kama tone la rangi. Hakuna jino wala pengo. Macho yako yote yanabaki mbele.

"Lenga ile saa ya ukutani, kule ng'ambo ya barabara," akaniambia.

Nikachungulia. Nukta gani? Niliona yai lililoangukia sakafuni, limetapakaa.

"Hiki kibovu."

Binti akakichukua. "Baba, mbona mimi naona duara safi?"

"Basi kibovu ni mzee," Kobe akasema. "Mama, hamna spea za wazee hapa?"

Muuzaji alicheka hadi miwani ikagonga kaunta. Kisha akanieleza bila kunidharau: jicho langu lina mkunjo, na taa ikiwa kali, mkunjo unaitawanya. Akabonyeza kitufe, mwanga ukapungua, lile yai likaanza kujikusanya lenyewe, kidogo kidogo, mpaka likawa kitu unachoweza kukiita nukta bila kusema uongo. Akaniambia wengi hukosea hapo. Huwasha taa yote kama wanamulika mwizi, halafu wanailaumu nukta.

Akanipa chenye nukta kubwa kidogo. Ile ndogo kama ncha ya sindano ni ya macho ya vijana. Akanionyesha kilicho wazi juu na kilichofungwa pande zote. "Hiki cha wazi ni chepesi, lakini vumbi au tone la mvua likiikalia taa, nukta imekwenda likizo. Hiki kilichofungwa kinene, ila hakijali."

"Na betri inakaa wapi?" binti akauliza. Yeye anashona viti vya magari. Amezoea kuuliza kilicho chini.

"Hapo umenena. Hivi vingine betri iko tumboni. Ukitaka kuibadilisha, lazima ukifungue, na ukikifungua, umeanza upya kukipatanisha na bastola. Hiki inaingilia ubavuni. Ukishakifunga, kiache hapohapo mpaka mzikane."

Nikachukua hicho. Kilikuwa kinene kuliko vyote na sura yake mbaya, ila sifa niliyoitaka ilikuwa hiyo moja: kwamba hakuna mtu angekuwa na sababu ya kukifungua.

Fundi wa bunduki aling'oa pengo la nyuma, akaweka kibao cha chuma mahali pake, na juu ya kibao kilengeo. Nilimwuliza kama hakuna namna ya kuliacha lile pengo, maana mke wangu alilitumia. Akasema kwa bastola ya zamani kama ile, ama hiki ama kile. Nikamwambia endelea, nikaenda kusimama mlangoni.

Mtu asikudanganye kwamba nukta inakulengea. Mwezi wa kwanza nilikuwa nainyanyua bastola, tupu, magazini ya risasi iko mezani, binti ameikagua mara mbili, naielekeza kwenye ukuta wa sebule, na kwenye kioo hamna kitu. Naizungusha juu, naizungusha chini, hamna.

"Baba, unatafuta mbuzi?"

"Nukta haipo, mama." Namwita mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu.

"Ipo. Mkono wako ndio hauko nyumbani. Usiifuate kwa kichwa. Tazama ukuta, halafu liletee jicho bastola."

Ni kweli. Ukiinamisha kiwiko, nukta inajificha. Ukinyoosha mkono vilevile kila mara, inatokea yenyewe, kama mgeni aliyekuwa nyuma ya mlango. Na ukianza kuikodolea nukta badala ya shabaha, inacheza, na wewe unacheza nayo. Unatazama unakotaka risasi iende, basi. Nilijifunza. Mzee mzima nilijifunza, ukutani kwangu, mpaka binti akaacha kunicheka akaanza kusema, "Hiyo sasa."

Kisha tukaenda uwanjani kupatanisha. Unailaza bastola juu ya mfuko wa mchanga, unapiga, unaangalia tundu ziko wapi, unazungusha kaskrubu kadogo ka pembeni au ka juu, kanalia tiki tiki, unapiga tena. Asubuhi nzima. Mwishowe tundu zikaja katikati ya weusi wa shabaha, zimesongamana kama watu kwenye kivuli. Fundi akazitia gundi zile skrubu mbili kubwa zinazokishika kilengeo, akazikaza. Mimi nikachukua brashi yangu nyembamba, nikapiga kistari cheupe kutoka kwenye kichwa cha kila skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Kistari kikiwa kimoja, hakuna kilichosogea. Kikikatika, skrubu imezunguka.

Hivyo ndivyo nilivyofika langoni ile Jumamosi ya jaribio. Bwana Utaratibu akazifungua. Gundi ikalia krii. Akakigeuza kilengeo kama anayekagua samaki, akasoma namba, akakirudisha, akakaza kwa nguvu za mtu asiyejua anakaza nini. Vile vistari vyangu vikawa vipande vinne, kila kimoja kinaangalia kwake.

"Naomba risasi za kujaribia," nikasema. "Nikipatanishe tena."

"Mwaka huu kamati imeziondoa. Zinachelewesha."

"Basi nipige siku nyingine."

"Asiyepiga leo anahesabiwa ameshindwa. Sikuitunga mimi, mzee."

"Nani aliitunga?"

"Kamati."

"Wewe si ndiye Katibu wa kamati?"

"Wapo wanaosubiri nyuma yako."

Mwenyekiti alikuwa pale, chini ya mwavuli, na soda yake. Nikamtazama. Akatazama soda.

Kobe, ambaye bado anapiga kwa jino na pengo na hakuwa na cha kufunguliwa, akaninong'oneza, "Piga tu, huenda kimerudi palepale." Huenda. Maisha yangu yote yamekaa kwenye hiyo huenda.

Nikapiga. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu wanapenda kusema nimezeeka. Mkono ulikuwa nyumbani. Nukta ilitokea kila mara, nimeipunguza mwanga, duara. Niliiweka katikati ya weusi na triga niliivuta polepole, kama mtu anayevuta uzi kwenye sindano. Sikuharakisha hata mara moja. Kwa mita ishirini na tano tundu huzioni kwa macho, na darubini hairuhusiwi kwa mpigaji. Nyuma ya kamba, mwenye darubini alikuwa Kobe. Katikati ya jaribio nikamsikia anakohoa. Anakohoa tena, kikohozi cha kutaka kusema. Bwana Utaratibu akamwambia akikohoa mara nyingine atatolewa. Nami nikadhani ni vumbi.

Walipoleta karatasi, tundu zote zilikuwa kushoto, chini, nje ya weusi. Zote. Zimesongamana pamoja, ningeweza kuzifunika kwa kifuniko cha chupa. Katika maisha yangu sijawahi kupiga vizuri hivyo. Mke wangu angeichukua ile karatasi akaibandika jikoni.

"Sifuri," akasema Bwana Utaratibu. "Pole, mzee."

Bastola ikachukuliwa palepale. Aliyeichukua aliishika mtutuni, kama anayebeba kuku.

Jumatatu nilikwenda ofisini. Nikawaambia kilengeo kilisogezwa, mtazame vistari. Wakasema ni madai, nilete ushahidi. Nikasema ushahidi uko kwenye bastola. Bastola iko ghalani. Basi nipelekeni ghalani. Ghalani anaingia mwanachama. Mimi si mwanachama? Ulikuwa. Nikamwomba Kobe aingie badala yangu, yeye mwanachama halali. Wakamwambia bastola si yake, ana haja gani nayo? Nikamfuata Mwenyekiti kwenye gari lake. Akateremsha kioo kiasi cha kupitisha maneno, akasema nifuate utaratibu. Nami huo utaratibu ndio uliokuwa umeshika bisibisi.

Ng'ombe wa maskini hazai, wahenga walisema. Wangeongeza kwamba akizaa, kuna mtu anakuja na meza kumhesabu ndama, na ndama anafia mezani.

Mwezi uliopita walitangaza mwezi wa kumi na mbili kuwa mwezi wa kukata. Binti anataka niache. Jana ameniwekea chai, akakaa mbele yangu na mikono yake yenye alama za sindano.

"Baba, mama hayumo mle ghalani."

"Najua."

"Basi unafuata nini kule kila wiki? Wanakucheka. Mlinzi mwenyewe anakucheka."

"Acha wacheke."

"Wakiikata je?"

Nilikunywa chai. Ya moto, niliinywa yote. Ninajua wataikata. Nimepaka rangi ofisi za watu wa namna hii tangu ujana wangu, ninawajua hadi nyuma ya makabati yao. Hawajawahi kurudisha kitu kwa sababu mtu aliwaonyesha wamekosea. Wakikuona una haki ndipo wanapofunga mlango taratibu zaidi, kwa adabu.

Lakini karatasi ya shabaha walinipa, labda kwa kusahau. Leo asubuhi nimekwenda nayo tena, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha la mapokezi, upande wangu, mwanga wa ndani ukapita kwenye matundu. Bwana Utaratibu alikuwa ndani. Mwenyekiti alikuwa ndani. Walinyanyua macho wote wawili, nikawauliza kwa sauti ya kawaida, bila kutukana: mtu asiyejua kulenga, anawezaje kukosa mahali palepale kila mara?